Kikombe cha Rangi ya Kucha

Nasike alikiona kabla chai haijamiminwa. Vikombe vitano vya bati vyeupe, vyenye ukingo wa buluu, vilikuwa vimepangwa kwenye sinia, na kimoja kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu ya kucha kwenye kishikio. Hicho ndicho mama mkwe wake alichokisukuma kwa ncha ya kidole mpaka kikafika mbele yake.

Mwanzoni alidhani ni utundu wa mtoto. Binti yake Mary Ann alikuwa amekaa kwa nyanya yake, anayemwita Kukhu, hapa Bumula likizo yote ya Aprili, na mtoto wa miaka minne akipata chupa ya rangi ya kucha, hata paka hasalimiki. Lakini Mary Ann alipotoka jikoni mbio kumkumbatia mama yake, nyanya alimdaka mkono katikati ya sebule na kumrudisha nyuma kama anayemzuia ndama asiingie kwenye mahindi. Mtoto akaangua kilio. Nasike akabaki amenyoosha mikono, hana wa kukumbatia.

Mama mkwe huyu, ambaye kila mtu humwita Mama Hillary kwa jina la kifungua mimba wake, hakuwa mtu mbaya. Lazima lisemwe sasa hivi, maana mbele hakuna mahali pa kulisemea. Ndiye aliyemlea Mary Ann akiwa mchanga Nasike aliporudi kazini, na kila msimu alituma gunia la viazi vitamu mpaka Kibomet, kule Kitale, walikokuwa wakiishi mwanawe na mkewe. Ndiyo sababu ile ncha ya kidole ilimuuma Nasike kuliko tusi.

"Mama, hiki kikombe kiko na nini?"

"Ni chako. Utatumia hicho ukikuja. Na sahani iko, ile ya kijani."

Nasike akauliza na wengine je. Akajibiwa kwamba wengine wana vyao, na chai inapoa. Kisha Mama Hillary, bila kumtazama usoni, akamwambia jambo alilokuwa amelificha nyuma ya kikombe: mtoto hatarudi Kitale. Nasike alikuwa amekuja Jumamosi hiyo kumchukua. Shule ingefunguliwa Jumanne, sare ilikuwa imeshashonwa na kutundikwa kwenye msumari, soksi nyeupe ndani ya viatu.

"Mtoto atabaki hapa," akasema Mama Hillary. "Ngoja Hillary akueleze. Yeye ndiye alisoma kalatasi yako."

Karatasi. Nasike alihitaji muda kukumbuka ni karatasi gani, maana kwake ilikuwa jambo dogo.

Alikuwa mfanyakazi wa usafi katika kliniki moja ya kibinafsi mjini Kitale. Mwaka uliotangulia mwenzake alidungwa na sindano iliyotupwa kwenye pipa lisilo lake, na hapo ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba anayepiga deki naye ana damu. Wafanyakazi wote wa usafi wakachanjwa homa ya ini aina ya B, sindano tatu katika miezi sita. Mwezi wa Aprili wakatolewa damu kuangalia kama chanjo imeshika. Kigen, fundi wa maabara, alimpa Nasike jibu lake dirishani na maneno mawili tu, "Uko sawa," kisha akaita jina lililofuata kwenye foleni. Nasike akaipiga picha karatasi ile, kwa kuwa jina lake lote lilikuwa limechapwa bila kosa hata moja, akamtumia mumewe Derrick. Derrick, dereva wa lori la mahindi, ambaye Kiingereza cha hospitali humpiga chenga, akamrushia kaka yake.

Sasa kuhusu kaka huyo. Hillary aliwahi kusoma mihula miwili katika chuo cha utabibu, akaacha kwa sababu ambazo hubadilika kila anapozisimulia. Tangu hapo amekuwa daktari wa ukoo. Ndiye anayesoma maandishi ya chupa za dawa, ndiye anayesema presha ya nani imepanda, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema neno "sijui." Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limepewa kiti cha mbele.

Hillary aliona herufi za homa ya ini, akaona POSITIVE kwa wino mzito, akafunga kesi. Alimwambia mama yake kwamba Nasike ana virusi vya ini. Mama yake akamwambia dada yake kwamba Nasike ana virusi. Na katika nchi hii kila mtu anajua neno hilo likisimama peke yake linamaanisha nini. Kufikia Jumapili ya wiki iliyotangulia, habari ilikuwa imefika kanisani, imepunguka maneno mawili na kuongezeka ugonjwa mzima.

Hillary aliingia na karatasi mkononi. Si simu, karatasi. Alikuwa ameichapisha kwenye saiba, duka la intaneti la sokoni, pale ambapo mwenye mashine ni rafiki wa kila mtu na wateja husubiri zamu wakisoma kinachotoka. Damu ya Nasike ilikuwa imepitia mikononi mwa soko zima la Bumula ili shemeji yake apate kitu cha kushika akizungumza.

"Shemeji, hakuna mtu anakuchukia," alisema. "Lakini angalia mwenyewe. Hepatitis B. Positive. Na positive ni positive, bana."

"Niliambiwa niko sawa."

"Ati sawa. Si hivyo ndio wao huambia watu, ndio wasijitoe uhai?"

Yaliyofuata yalikuwa kikao. Shangazi mmoja alisema anajua mizizi ya kuosha ini. Mwingine alisema lisemwalo lipo. Hillary alieleza kwamba mtoto ni wa ukoo na ukoo una wajibu wa kumlinda. Derrick, aliyeegesha lori Bungoma mjini na kuja kwa ajili ya mashauri hayo, alitazama viatu vyake mpaka alipoulizwa. Akasema tungoje kwanza. Tungoje nini, Nasike akamuuliza, na Derrick akarudi kwenye viatu vyake.

Uchungu mkubwa zaidi ni kwamba Nasike mwenyewe hakuweza kujitetea. Alijua hana ugonjwa, lakini hakujua kwa nini karatasi inasema hivyo. Ukweli ulikuwa kwenye damu yake na haukuwa mdomoni mwake. Kila alipofungua kinywa, Hillary alimsomea neno lile lile kwa sauti ya upole, upole ule wa kumwongelesha mgonjwa, na Nasike akatamani kumrushia chai. Hakuirusha. Hakuinywa pia. Aliiacha ndani ya kikombe chenye alama, akaondoka Bumula peke yake, na kilio cha Mary Ann kilimfuata mpaka nje ya ua wa michongoma.

Jumatatu asubuhi hakuchukua ndoo wala deki. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la maabara, akaiweka karatasi mbele ya Kigen.

Kigen alikuwa mtu wa miteremko ya Elgon, mpole, mwenye kusema polepole. Aliitazama karatasi, akatabasamu. "Si nilikuambia uko sawa?"

"Uliniambia niko sawa nikanyang'anywa mtoto. Sasa utaniambia neno moja moja, na hutaita mtu mwingine mpaka nielewe."

Nyuma yake watu saba walikuwa wakingoja. Wote walisikia, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kigen akafungua mlango wa pembeni, akamkaribisha kwenye kiti kirefu cha maabara. Nasike aliwahi kukipangusa kiti kile mara mia na hakuwahi kukikalia.

Kigen akaweka kidole chini ya neno fupi lililotangulia POSITIVE: HBsAb. Akamuuliza herufi ya mwisho ni ipi. Nasike akasema ni b.

"Ingekuwa g, tungekuwa tumepata kipande cha virusi chenyewe. Hii ya b ni kinga, mwili umeitengeneza baada ya chanjo. Tuseme virusi ni mwizi wa mahindi. Ile ya g ni mwizi, amepatikana ghalani. Ile ya b ni mbwa amelala langoni. Wewe tulikuwa tunatafuta mbwa. Tukampata."

"Na hii positive?"

"Positive haisemi mbaya, haisemi mzuri. Inasema tu tumepata kile tulikuwa tunatafuta. Lazima uulize walikuwa wanatafuta nini."

Nasike aliyatafuna maneno hayo. Kisha hasira ikampanda upya, safari hii ikiwa na macho. "Kwa hivyo nimenyang'anywa mtoto kwa sababu chanjo yenu imefanya kazi."

Kigen aliitazama karatasi upya. Alikuwa ametoa majibu kama yale dirishani kwa miaka tisa, na ilionekana wazi anahesabu kichwani ni wangapi aliowaambia wako sawa na kuwaachia karatasi isiyosema hivyo.

Nasike akamuuliza swali la pili, ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu Bumula. Kama ingekuwa ile g, je, kikombe kingehitajika? Kigen akasema la. Virusi hivyo hupita kwa damu, kwa kitanda, kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaliwa, kwa kuchangia wembe. Havipiti kwenye chai wala sahani, na kumkumbatia mtoto hakumdhuru mtoto. Basi walikosea mara mbili, Nasike akawaza. Walikosea kuhusu yeye, na wangekosea vile vile kuhusu mtu aliyeugua kweli, na mtu huyo angekunywa kwenye kikombe chekundu mpaka kufa kwake akidhani anastahili.

Akataka barua, na akaitaka kwa Kiswahili. Msimamizi wa kliniki, mama mmoja aitwaye Chepkosgei, akasema barua za kliniki huandikwa kwa Kiingereza, ndio utaratibu. Nasike akamuuliza kama damu waliyomtoa ilikuwa ya Kiingereza. Chepkosgei akamtazama kwa muda mrefu mwanamke huyu ambaye kwa miaka mitatu hakumjibu lolote ila "sawa madam." Kisha akatafuta mhuri. Kigen aliandika mistari sita iliyoeleweka, mwizi na mbwa wakiwemo, hakuna kifupisho hata kimoja.

Lakini karatasi ndiyo iliyomharibia Nasike, na karatasi peke yake isingemtoa. Alimpigia Derrick, akamwambia kwamba Alhamisi watu wazima wote wa nyumba ile watapimwa homa ya ini kwenye kituo cha afya, kwa kuwa wanaiogopa sana. Wasipokubali, yeye atakwenda kwa chifu na karatasi ya saiba, na Hillary ataeleza ni nani aliyempa ruhusa ya kuchapisha damu ya mke wa mtu. Safari hii Derrick hakusema tungoje.

Alhamisi walikaa kwenye benchi la kituo, Nasike mwisho mmoja, wao mwisho mwingine, Mary Ann katikati akiwa ameshikwa gauni. Muuguzi alikuwa Linah, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba. Aliisoma barua ya Kigen, akaisoma tena, akamwomba Nasike ruhusa, ndipo akawaeleza wote kwamba mama huyu hana ugonjwa wowote, ana kinga. Kisha akafungua kijitabu cha kliniki cha Mary Ann na kuwaonyesha mahali palipoandikwa kwamba mtoto alichanjwa homa hiyo akiwa na wiki sita tu, na akarudia chanjo hiyo mara mbili.

"Huyu mtoto mlikuwa mnamlinda na nini?" aliuliza. Kisha akaanza kuwaita ndani mmoja mmoja kupimwa.

Hillary ndiye aliyetoka chumbani wa kwanza, kifua mbele. Negative, alitangaza, kama mtu aliyefaulu mtihani. Linah akamwita kutoka mlangoni na kumuuliza aliwahi kuchanjwa lini. Hakuwahi. Basi hana mwizi, akaambiwa, na kwa kadiri ya rekodi hana mbwa pia, kwa hivyo aje Jumatatu aanze sindano tatu. Nasike hakucheka. Alikuwa ameweka nadhiri ya kutocheka mpaka mtoto awe mgongoni mwake. Derrick naye alipimwa, hakuwa na mwizi, akapewa tarehe hiyo hiyo.

Mama Hillary aliingia wa mwisho, akakaa sana. Mlango ulipofunguliwa, Linah hakumwita Hillary. Alisema mama anamtaka mke wa Derrick.

Ndani, mama mkwe alikuwa ameketi na mkoba mapajani, ameushika kwa mikono yote miwili. Alisukuma kikaratasi kidogo juu ya meza, kwa kiganja kizima.

"Nisomee wewe," alisema. "Hillary amesoma vya kutosha. Hii kalatasi inasema nini?"

Nasike aliangalia. Neno lilikuwa lile lile fupi, na herufi ya mwisho ilikuwa g, na mbele yake POSITIVE.

Tusimfiche. Kwa muda wa pumzi moja alifurahi. Alikiona kikombe chekundu kikivuka sinia kurudi kilikotoka, akaona haki kamili, ya moto, ya kumtosha mtu yeyote aliyenyang'anywa mtoto wake kwa karatasi. Kisha akamtazama mwanamke huyu aliyekuwa akimtazama mdomo, akingoja, na akakumbuka yeye mwenyewe alivyokaa Jumamosi ile bila hata neno la kujitetea. Hasira haikuondoka. Ilikosa tu mahali pa kutua kwenye uso ule.

"Ni mwizi, mama. Yuko ghalani," alisema, na akamweleza yote alivyoelezwa yeye, polepole, neno moja moja. Linah akaongezea kwamba huenda amekaa nayo tangu utotoni bila kujua. Atakwenda Bungoma mjini kupimwa damu tena, waone virusi ni vingi kiasi gani na ini liko vipi. Pengine atapewa kidonge cha kila siku, pengine asihitaji. Kidonge hicho hakimfukuzi mwizi, kinamfunga mikono, na kisiachwe hata mtu akijisikia nafuu. Watu wengi huishi nayo mpaka uzeeni.

"Sasa nitakufa rini?" Mama Hillary aliuliza.

"Siku yako ikifika, kama sisi wote."

"Watu watasema niko na vilusi."

"Watasema ukiwaambia," alijibu Nasike. "Hii ni yako. Mimi siendi saiba."

Mama Hillary alifungua mkoba, akakitia kikaratasi ndani, akaufunga. Hakuomba msamaha, na kwa kweli Nasike asingejua la kufanya nao wakati ule. Walitoka pamoja. Hillary akauliza mama ameambiwa nini, akajibiwa na mama yake kwamba ameambiwa amlete mtoto kwa mama yake.

Nyumbani chai ilipikwa. Nasike alimwomba Hillary ile karatasi ya saiba, akapewa bila neno, na ndiyo iliyowasha kuni za chai hiyo. Vikombe vikapangwa kwenye sinia, chai ikamiminwa. Mama Hillary, akiwa amesimama, akanyoosha mkono na kuchukua kile chenye kishikio chekundu, akakionja na kukiweka mahali pake mwenyewe.

"Mama, hicho si chako," alisema Hillary. "Ni cha..." Akaishia hapo, kwa kuwa hata yeye alisikia alichokuwa karibu kukisema.

Nasike akainuka. Alikitoa kikombe kile mbele ya mama mkwe, kikiwa na chai ambayo mama huyo alikuwa ameshaonja, akanywa. Hakunywa kwa ishara, alikunywa kama mwenye kiu, huku akimtazama Hillary juu ya ukingo wa buluu.

"Huogopi?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimekunywa kwa vikombe vyako miaka sita, mama. Ni wewe uliogopa."

Mary Ann, aliyekuwa ameshapanda magoti ya mama yake na kuligeuza lile jambo kichwani kwa akili yake yote ya miaka minne, akanyoosha kidole.

"Mimi nataka hicho cha nyekundu. Kukhu alinikataza. Ndio kizuri."

Mama Hillary alishika birika. Macho yakamwendea Nasike kuuliza kile ambacho mdomo haukuweza kuuliza mbele ya wanawe. Nasike akaitikia kwa kichwa. Nyanya akamimina chai kwenye kikombe chekundu, akaipoza kwa kuipuliza kama alivyoipuliza tangu mtoto akiwa mchanga, akampa kwa mkono wake. Mary Ann alikinywa chote, akaomba kingine, na walipoondoka kwenda Kitale jua lilikuwa bado juu.